Zawadi ya Kampuni na Haki ya Msomaji

Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma mbele ya waandishi wa mitandaoni na wafanyabiashara wadogo

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliotutangulia katika kazi ya habari, dada zangu na kaka zangu mnaoandika na kupiga picha katika mkoa huu, nanyi wafanyabiashara mliofunga maduka yenu Mwanga na Ujiji ili mje kusikiliza: itifaki imezingatiwa, nami naomba niingie katika jambo mliloniitia.

Mliniomba nizungumzie bidhaa za bure. Kampuni humpelekea mwanablogu simu, kreti ya vinywaji, kopo la mafuta ya ngozi, taa ya sola au siku mbili za kulala hotelini, bila kumtoza hata shilingi, kwa matumaini kwamba ataandika habari zake na wasomaji wake watanunua. Mliuliza kama jambo hilo ni halali. Jibu langu nalitoa mapema ili mpate kulipima wakati nikiendelea kusema. Kupokea si kosa. Kosa huanza pale ambapo msomaji, ambaye ndiye atakayetoa fedha yake mfukoni, hajui kwamba mshauri wake hakutoa kitu. Naongeza kwamba hata akijua, bado zawadi ile imeacha deni, na deni hilo mara nyingi hulipwa na msomaji, wala si na aliyelikopa.

Ukienda sokoni kununua dagaa, muuzaji hakukatazi kuchukua wawili watatu ukawatafuna ili ujue kama wana mchanga. Hao ni wa bure, na hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu anayeonja ndiye anayenunua. Sasa tuseme muuzaji huyo amempelekea jirani yako debe zima nyumbani kwake, na kesho yake wewe ukamwuliza jirani huyo dagaa wa nani hawana mchanga. Dagaa wale wanaweza kuwa wazuri kweli, na jirani anaweza kuwa mtu mwaminifu. Hata hivyo ungependa kuambiwa habari ya lile debe kabla hujafuata ushauri wake, na ukija kuipata baadaye kwa mtu mwingine utasononeka, hata kama dagaa ulionunua hawakuwa na punje ya mchanga.

Mfano uliojadiliwa sana duniani ulitokea mwishoni mwa 2006. Kampuni ya Microsoft, ikijiandaa kuuza mfumo wake mpya wa kompyuta uitwao Windows Vista, ilishirikiana na AMD, kampuni ya kutengeneza vichakato vya kompyuta, kuwatumia baadhi ya wanablogu kompyuta mpakato za Acer Ferrari ambazo tayari zilikuwa na mfumo huo ndani yake. Shughuli hiyo iliendeshwa kwa msaada wa Edelman, kampuni inayojishughulisha na uhusiano wa umma. Hazikuwa mashine za bei ndogo, na waliozipokea waliruhusiwa hapo awali kubaki nazo. Wengine waliwaeleza wasomaji wao waziwazi kwamba wamepewa. Zogo lilizuka hata hivyo, na baada ya siku chache wapokeaji wakaombwa wazirudishe mashine hizo au wazigawe kwa watu wengine baada ya kuzijaribu. Joel Spolsky, mwandishi wa programu wa New York ambaye naye alikuwa na blogu iliyosomwa na wengi, hakuona haya kutumia neno rushwa. Hoja yake iliyonigusa zaidi ni kwamba desturi hii inapunguza imani ya wasomaji kwa wanablogu wote, hata wale ambao hawajapokea chochote. Naomba waandishi wa Kigoma mlitafakari hilo. Mmoja wenu akiuza neno lake kwa siri, siku siri hiyo itakapojulikana, wote mtaonekana kuwa mnauza.

Tangu wakati huo sheria za nchi mbalimbali zimekuwa zikiufukuzia mchezo huu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilirekebisha miongozo yake kuhusu matangazo ya ushuhuda, yaani yale ambamo mtu anaisifu bidhaa kana kwamba ameitumia, na kuanzia tarehe 1 Desemba 2009 ikaeleza wazi kwamba mwanablogu aliyepewa bidhaa au malipo na kampuni anapaswa kuwaambia wasomaji. Ufaransa ilitunga sheria yake tarehe 9 Juni 2023, nayo inadai kwamba chapisho la kibiashara la mtu mwenye ushawishi mtandaoni lionyeshwe hivyo kwa namna inayosomeka.

Kesi moja ya Marekani naipenda kuieleza kwa kirefu kwa sababu inaonyesha jinsi mtego unavyotegwa. Mwaka 2015 duka la mavazi la Lord & Taylor liliwapa watu 50 wenye wafuasi wengi kwenye Instagram gauni lilelile moja, likawalipa kila mmoja kati ya dola 1,000 na dola 4,000, na likawataka wapige picha wakiwa wamelivaa na kuziweka hewani mwishoni mwa juma moja. Mkataba ulieleza jina la duka litajwe vipi, na duka lilizipitia picha kabla hazijatoka. Haukumtaka mtu yeyote aseme kwamba amelipwa. Gauni likaisha dukani. Mtazamaji aliyefungua simu siku hizo aliwaona watu wasiohusiana, kila mmoja kwao, wamevaa gauni moja, akaamini kwamba huo ndio mtindo uliopendwa na watu kwa hiari yao. Mwezi Machi 2016 tume ile ilitangaza makubaliano ya kulizuia duka hilo lisirudie. Tazameni kwamba lililolaumiwa ni duka, wala si wale 50 waliovaa. Nalitaja hili kwa ajili ya wafanyabiashara mliopo, kwa sababu mara nyingi mazungumzo haya huishia kumsema kijana anayeandika, na mwenye mali aliyepanga yote akabaki amekaa kimya pembeni.

Hapa nyumbani, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilileta leseni kwa wanablogu. Hata hivyo sitaki tungoje kifungu cha kutulazimisha. Msomaji wa Kasulu ana haki yake leo.

Wengi mtasema: mimi nimepokea, lakini sikudanganya, nimeandika nilichokiona. Naamini mnasema kweli. Ila zawadi haina haja ya kukufanya mwongo ndipo ifanye kazi yake. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti uliotazama kumbukumbu za madaktari karibu 280,000 wa Marekani. Ilionekana kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja tu kutoka kwa kampuni ya dawa, mlo ambao kwa wastani haukufikia dola 20, walielekea kuiandika dawa ya kampuni hiyo zaidi ya wenzao ambao hawakupokea. Watafiti walitahadharisha kwamba uhusiano huo pekee hauthibitishi kuwa mlo ndio uliosababisha. Lakini hao ni watu waliosoma miaka mingi, wenye kiapo, na wengi wao hawangekubali kwamba sahani ya chakula inaweza kugusa uamuzi wao. Waliosema mkono mtupu haulambwi waliijua tabia hii ya binadamu kabla ya watafiti.

Katika maandishi, jambo hilo huonekana kwenye mambo madogo. Mwandishi anaona betri ya taa inaisha kabla ya alfajiri, na badala ya kuandika hivyo anaandika kwamba betri inatosha kwa matumizi ya kawaida. Sentensi hiyo si uongo. Imekosa tu lile neno ambalo msomaji alilihitaji. Au anaona kasoro, akaiweka aya ya mwisho, baada ya picha sita nzuri. Au anasahau kutaja bei, kwa kuwa yeye bei haikumgusa. Hili la bei nimeliona mara nyingi sana, nami nalihesabu kuwa ndilo baya kuliko mengine, kwa sababu kwa mnunuzi wa kipato cha chini swali halijawahi kuwa kama kitu ni kizuri. Swali ni kama ni kizuri kwa fedha hiyo, wakati kuna ada ya mtoto inayosubiri.

Kuna na jambo lingine lililojificha zaidi. Kampuni huchagua wa kumpa. Aliyesifu mara ya kwanza huletewa tena, na aliyekosoa jina lake huondolewa kimyakimya katika orodha. Baada ya mwaka mmoja wanaobaki wakiandika kuhusu bidhaa hiyo ni wale walioipenda tu. Kila mmoja wao anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado picha nzima anayoiona msomaji ikawa imepotoka, kwa kuwa waliokuwa na neno tofauti hawakupewa tena cha kulisemea. Kwa hiyo mwandishi anaposema kwamba yeye hakudanganya, hajajibu swali lote.

Naomba sasa nimlete hapa mtu ambaye hayumo ukumbini. Tuchukue mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Kazi yake ni ya usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka taa yake haina thamani kubwa. Karabai za mafuta ya taa zimekuwa zikiziachia nafasi taa za betri na za sola, na yeye anataka kubadilisha. Hana mahali pa kuijaribu taa hiyo majini kabla ya kuilipia. Anaye mpwa wake mwenye simu, na mpwa anasoma kwa mwandishi mmoja kwamba taa fulani inadumu usiku kucha na haiingii maji. Mwandishi aliiwasha sebuleni kwake kwa siku tatu. Aliletewa, hakuinunua, na hakusema. Mvuvi akinunua taa nne za namna hiyo kwa fedha ya kukopa, na zikazimika katikati ya ziwa saa nane usiku katika siku chache za giza alizonazo mwezini, hatarudishiwa fedha na mwandishi, wala mwandishi hatajua kamwe kwamba jambo hilo limetokea. Hapo ndipo deni la zawadi lilipolipwa. Ninyi wa ziwani mnajua kuliko mimi usiku mmoja uliopotea una maana gani kwa watu wa mtumbwi mmoja na wanawake wanaosubiri kuanika.

Hasara nyingine inawaangukia wazalishaji wetu wenyewe. Kuna akina mama wanaopika sabuni ya mawese katika mkoa huu, na sabuni yao ni nzuri. Hawawezi kugawa makatoni 20 kwa waandishi na kungoja. Kampuni kubwa ya mbali inaweza, wala haitaona pengo. Ikiwa kinachoandikwa ni kile kilicholetwa mlangoni, basi sabuni ya hapa haitaandikwa na mtu wa hapa. Nchi yetu imewahi kulijadili jambo la namna hii katika uwanja mwingine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, ikieleza kwamba vilimbagua mgombea asiye na uwezo na kwamba mpaka kati ya takrima na rushwa haukuonekana. Sisemi kwamba kopo la mafuta ni kura. Nasema tu kwamba hoja ya usawa iliyotolewa siku ile inamhusu pia mpika sabuni.

Nisingependa mtu atoke hapa akidhani nawalaumu vijana. Najua kazi hii inavyokula fedha. Kanuni za 2018 zilipoanza, ada za mwaka wa kwanza kwa mwanablogu zilifikia shilingi milioni 2.1, na ingawa zilipunguzwa baadaye, bado kuna bando la kila siku, nauli ya kwenda Kibondo na kurudi, na simu inayochakaa. Anayeletewa mzigo wa shilingi 60,000 anaona angalau mtu mmoja ametambua jasho lake. Lakini hapo hapo pana dhuluma ambayo vijana hawaisemi. Kampuni inayotaka tangazo redioni hulipa, na msikilizaji husikia kwamba lile ni tangazo. Ikimtumia mwanablogu taa moja ikapata maandishi, picha, video na wiki mbili za majibu kwa wateja, imenunua kazi ya kitaalamu kwa bidhaa ambayo mwenye nyumba hataipokea kuwa kodi. Mkitaka kutangaza, tangazeni kwa mkataba, mlipwe fedha taslimu, muandike juu kabisa kwamba hili ni tangazo la kulipiwa. Hiyo ni kazi ya heshima. Wanahabari wa nchi hii wamehangaika na bahasha, yaani fedha anayopewa mwandishi na anayeandikwa, kwa miaka mingi, na Baraza la Habari Tanzania, lililoanza 1995, limeandika maadili dhidi yake. Ninyi mnaoanza leo hamna sababu ya kuurithi ugonjwa huo.

Kuna bidhaa ambazo kwa maoni yangu hazifai kupokelewa kabisa, hata kama msomaji ataambiwa kwamba ni za bure. Ya kwanza ni dawa, pamoja na chochote kinachodai kutibu au kuongeza nguvu. Ya pili ni vipodozi vya kubadili rangi ya ngozi, kwa kuwa tunajua madhara ya zebaki na haidrokwinoni, na tunajua mkorogo umewafikisha wapi dada zetu. Ya tatu ni mikopo ya simuni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali, na mwandishi aliyewapeleka wasomaji wake huko kwa ajili ya zawadi hana maneno ya kuwaambia. Kwa vitu hivi kosa la sentensi moja haliishii kwenye hasara ya fedha.

Kwa vingine vyote, nashauri maneno mafupi yanayoeleweka na bibi yeyote anayesomewa na mjukuu wake: Bidhaa hii nimepewa bure na kampuni inayoiuza, bei yake dukani ni kiasi fulani, nimeitumia kwa siku kadhaa, mahali fulani. Maneno hayo yakae juu, kabla ya sifa ya kwanza, kwa Kiswahili, na katika video yasemwe kwa mdomo, kwa sababu wengi husikiliza bila kusoma. Alama ya Kiingereza iliyofichwa chini ya rundo la alama nyingine haimwambii mvuvi wetu kitu. Na ikiwezekana bidhaa irudishwe baada ya kujaribiwa. Ya kuazima huacha moyo mwepesi kuliko ya kupewa.

Ninyi wenye maduka na mawakala wa kampuni nawaomba mambo mawili tu. Msidai kuyasoma maandishi kabla hayajatoka. Na aliyewakosoa kwa haki, mpelekeeni tena bidhaa inayofuata. Wateja wakiona hivyo watajua kwamba mnaiamini mali yenu.

Najua mtu ataniuliza tutajaribu vitu vipi kama tusipopewa. Marekani kuna taasisi iitwayo Consumer Reports, iliyoanzishwa 1936, ambayo hununua madukani bidhaa inazozipima, kama mteja mwingine yeyote, bila kujitambulisha, wala haichukui matangazo ya kampuni. Sisi hatuna fedha za namna hiyo, lakini kuchangishana tunakujua. Hakuna mtaa wa mji huu usio na kikundi cha kuweka na kukopa. Waandishi kumi wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja, wataweza kununua taa moja au mbili dukani bila muuzaji kujua ni za nani, wakazikabidhi kwa mvuvi aliye tayari, zikakaa ziwani kipindi kizima cha giza, kisha wote kumi wakaandika walichokiona, kila mmoja kwa kalamu yake, wakitaja bei na duka. Taa zikabaki kwa mvuvi huyo kuwa malipo ya kazi yake ya kuzipima, na hilo nalo likaandikwa.

Napendekeza tuanze na taa, kwa kuwa ndicho kitu kinachoulizwa zaidi ufukweni, kisha tufuate sabuni, za viwandani na za mawese zikiwa pamoja kwenye beseni moja. Mchango wangu nimeshaukabidhi kwa katibu wa kikao. Daftari liko mezani kwake, na ningeshukuru majina ya walio tayari yaandikwe kabla hatujatawanyika, pamoja na jina la mvuvi ambaye kila mmoja anamwamini, ili tumchague leo hii.